Runinga Inapojinadi Yenyewe

Mapumziko ya matangazo kwenye runinga huwa na matangazo ya aina mbili. Yako yaliyolipiwa na mtu wa nje: sabuni, unga, benki, kampuni ya simu. Na yako ambayo hakuna aliyeyalipia, kwa kuwa anayejinadi ndiye mwenye kituo. Tamthilia itakayoanza Jumatatu, mechi ya Jumamosi, redio ya kampuni hiyo hiyo, gazeti lake, programu yake ya simu, kifurushi chake cha bei ya juu zaidi: vyote hupenyezwa katikati ya matangazo ya biashara, kwa muziki ule ule na sauti ile ile nzito, hata mtazamaji asijue wapi bidhaa imeishia na wapi kituo kimeanza kujisifu. Ndani ya vituo matangazo hayo huitwa promo. Huchukua sehemu kubwa ya mapumziko kuliko watu wengi wanavyodhani, na nyuma yake pana hesabu ya biashara, pana sheria, na nchini Kenya pana ugomvi mmoja uliofika hadi Mahakama ya Juu.

Majoreni, kijiji cha pwani kati ya Shimoni na Vanga katika eneobunge la Lunga Lunga, kaunti ya Kwale, panafaa kuanzia, kwa sababu picha za runinga hufika sehemu hiyo kwa njia nyingi. Iko nyumba yenye king'amuzi cha kununua mara moja na antena iliyofungwa juu ya mti mrefu wa mkoko. Iko yenye dishi la kampuni ya kulipia kila mwezi, likiwa limeelekezwa angani juu ya paa la makuti au la mabati. Iko inayotumia runinga ndogo ya umeme wa jua, ile inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Na kwa kuwa mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro hauko mbali, vituo vya Tanzania navyo vina watu wao, hasa siku Simba na Yanga zinapokutana. Kila njia kati ya hizi ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana promo zake.

Ili kuelewa kwa nini kampuni ijitangaze kwenye muda ambao ingeweza kuuuza, ni lazima kuanza na muda wenyewe. Matangazo ya runinga huuzwa kwa sekunde, kwa kawaida 15, 30, 45 au 60. Mapumziko ya dakika tatu yana nafasi sita za sekunde 30. Nafasi isiyouzwa haiwekwi ghalani ikauzwe kesho. Ni kama kiti cha matatu iliyotoka Lunga Lunga kuelekea Ukunda kikiwa kitupu, nauli yake imekwenda na haitarudi. Skrini nayo haiwezi kuachwa nyeusi. Kwa hiyo idara inayopanga matangazo, ambayo huandaa orodha ya kesho yake sekunde kwa sekunde, hujaza mashimo kwa promo. Mteja akifuta tangazo lake saa kumi jioni, saa mbili usiku nafasi yake ina kionjo cha tamthilia.

Mashimo hayo huongezeka biashara inapoyumba. Machi 2024 serikali ya Kenya iliagiza kwamba matangazo yake ya runinga na redio yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake, na agizo hilo likapingwa mahakamani. Mwishoni mwa Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti Kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Matangazo ya kamari yalikuwa yamejaa katika vipindi vya michezo kiasi kwamba kuyaondoa kwa ghafla kulimaanisha kutafuta kitu kingine cha kuweka hapo. Katika siku za namna hiyo, kilicho tayari kabatini ni promo.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba promo ni kiraka tu. Kituo kinachojua kazi yake huzitengea nafasi kabla hata ya kuuza, tena nafasi nzuri: dakika ya mwisho kabla ya taarifa ya habari ya saa moja usiku, au pale tamthilia inapokatiza msichana akiwa amesimama mlangoni na barua mkononi. Sababu ni kwamba bei ya tangazo hutegemea idadi ya watazamaji, na watazamaji wa kipindi cha saa tatu huvunwa kutoka kwa wale wanaotazama saa mbili. Sekunde 30 zinazotolewa leo kwa kipindi kipya ni mtaji wa kuuzia sekunde nyingine kwa bei ya juu mwezi ujao. Ndiyo maana ndani ya kituo kuna mvutano usiokwisha. Muuzaji wa matangazo anataka nafasi ya saa moja na nusu usiku kwa mteja mwenye pesa mkononi, na msimamizi wa vipindi anaitaka nafasi hiyo hiyo kwa promo. Anayesema kwamba kituo hujitangaza bure hajakaa kwenye kikao cha watu hao wawili.

Promo yenyewe hutengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko baadhi ya vipindi inavyovitangaza. Mhariri wa picha huchukua sehemu za kipindi, huchagua kofi moja, kilio kimoja na gari moja likifunga breki, kisha hutoa matoleo kadhaa ya kitu kile kile. Toleo la kwanza, la wiki mbili kabla, halitaji siku. La pili linataja siku na saa. La tatu linasema "kesho," na la nne "leo usiku." Ndiyo maana mtu hudhani ameona promo moja mara arobaini, hali zilikuwa nne tofauti zikipokezana. Juu ya hayo kuna mstari wa maandishi unaopita chini ya skrini wakati kipindi kingine kinaendelea, na mtangazaji ambaye kabla ya kuachia matangazo humwambia mtazamaji asibanduke, kisha anamdokezea kinachofuata. Hiyo pia ni promo, ila imevaa koti la mtangazaji.

Zamani hapakuwa na haja ya haya yote. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na tangu shirika hilo la serikali lilipoitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964 hadi liliporudishiwa jina la KBC mwaka 1989, kituo kilikuwa kimoja. Kujitangaza kulikuwa ni kumweleza mtazamaji ratiba ya jioni, basi. Hakuwa na pengine pa kwenda. KTN ilipofungua milango mwaka 1990 ndipo ushindani ulipoanza. NTV ikafuata Desemba 1999, Citizen ikajipanga upya miaka michache baadaye na kuja juu kwa vipindi vya Kenya yenyewe, na K24 ikaingia mwaka 2008. Tanzania Bara ilichelewa zaidi: haikuwa na kituo chochote cha runinga hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970.

Kadiri vituo vilivyoongezeka, kampuni zilikua na kuwa familia. Royal Media Services ina Citizen, ina Inooro na Ramogi kwa runinga, na ina msururu wa redio za lugha mbalimbali, ikiwemo Bahari FM inayosikika Pwani. Standard Group ina KTN, ina gazeti la The Standard na ina Radio Maisha. Nation Media Group ina NTV na magazeti ya Daily Nation na Taifa Leo. Tanzania, IPP ya marehemu Reginald Mengi ilikuwa na ITV, EATV, Radio One na magazeti ya Nipashe na The Guardian chini ya paa moja. Familia ya namna hii hupeana nafasi: runinga inaitaja redio, redio inalitaja gazeti, gazeti linachapisha picha ya nyota wa tamthilia. Royal Media ilipozindua Viusasa mwaka 2017, programu ya simu ya kutazamia video kwa malipo madogo, mapumziko ya Citizen ndiyo yaliyokuwa uwanja wake wa mnada. Mshindani asiye na kituo angelazimika kununua kila sekunde ya muda huo.

Mfano unaowahusu watu wa Pwani moja kwa moja ni tamthilia za Kiswahili za Citizen. Maria, iliyoanza mwaka 2019, ilitengenezwa na Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla. Baadaye ikaja Sultana, iliyochezwa katika mazingira ya Pwani. Wawili hao ndio hao hao waliokuwa wakisoma pamoja habari za Kiswahili za wikendi katika kituo hicho tangu 2018. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na tamthilia zenyewe zilipendwa kwa haki. Lakini mtazamaji aliyezoea kumwamini msomaji wa habari humpokea kwa imani ile ile anapoona jina lake kwenye kionjo cha tamthilia, na uzinduzi wa kipindi kipya unapoingizwa ndani ya taarifa ya habari kama tukio la siku, mpaka kati ya habari na biashara unafifia. Vituo vikubwa vya Kenya hufanya hivyo, na ni hapo promo inapostahili kutiliwa shaka kuliko inapokuwa kwenye mapumziko, ambako angalau kila mtu anajua anatazama tangazo.

Tena promo za tamthilia za Pwani zina tabia yake. Sekunde 30 hazitoshi kueleza maisha ya watu, kwa hiyo huchaguliwa jahazi, leso, mnazi, na mganga mwenye ubani. Mvuvi wa Majoreni ambaye shida yake ni bei ya samaki na mafuta ya mashine hajioni humo. Anaona Pwani ya kuuzia kipindi.

Ugomvi uliotajwa mwanzo ulianza na masafa. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa ukomo wa mitambo ya analogi. Kenya ilizindua mawimbi ya dijitali Desemba 2009. Mfumo mpya ulitenganisha kazi mbili zilizokuwa za mtu mmoja: kutengeneza vipindi na kuvisambaza. Leseni za usambazaji zilikwenda kwa Signet, kampuni tanzu ya KBC, na kwa PANG, kampuni yenye mtaji wa Kichina. Nation, Standard na Royal Media zilikosa, zikaenda mahakamani. Wakati kesi zikiendelea, vituo vyao vilikuwa vikionekana pia kwenye ving'amuzi vya GOtv na StarTimes, kampuni mbili za runinga ya kulipia.

Hapo kampuni hizo tatu zikaigeuza promo kuwa silaha. Katika mapumziko ya vituo vyao wenyewe zilirusha matangazo marefu ya kuwaambia Wakenya kwamba GOtv na StarTimes zinabeba vipindi vyao bila ruhusa. Hakukuwa na bidhaa inayouzwa kwenye matangazo hayo. Ilikuwa ni hoja ya upande mmoja wa kesi iliyo mbele ya majaji, ikisomwa sebuleni kwa watu kati ya tangazo la sabuni na la maziwa. Msimamizi wa sekta, ambaye wakati huo aliitwa Tume ya Mawasiliano, aliyapinga matangazo hayo. Upande wa pili ulikuwa na chaneli zake na matangazo yake. Mwananchi aliyekuwa anadunduliza pesa za kununua king'amuzi akabaki katikati: tangazo moja linamwambia anunue kabla mitambo haijazimwa, jingine linamwambia asiguse.

Machi 2014 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na vituo. Septemba 29 mwaka huo Mahakama ya Juu ikatengua sehemu kubwa ya uamuzi huo na kusema kwamba kuvibeba vituo vya bure kwenye ving'amuzi hivyo hakukuwa wizi wa haki zao, kwa kuwa kanuni ilimtaka msambazaji avibebe. Wakati huo huo iliagiza ombi la vituo hivyo la leseni ya usambazaji lishughulikiwe. Katikati ya Februari 2015 mitambo ya analogi ya Citizen, NTV, KTN na QTV ya Nation ikazimwa, na vituo hivyo vinne vikawa giza kwa siku 19. Pwani ilikuwa katika awamu ya pili ya uzimaji, kwa hiyo Kwale ilionja giza hilo sawasawa na Nairobi. Viliporudi mwanzoni mwa Machi, vilirudi kupitia mtandao wao wenyewe wa usambazaji, ADN, na promo zao zikabadilika: sasa zilimhimiza mtazamaji atafute king'amuzi cha kununua mara moja, kisicho na malipo ya mwezi. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya, na wengi waliufuata. Lakini ulitolewa na mwenye maslahi, kama ulivyokuwa ule wa kwanza.

Runinga ya kulipia ina hesabu tofauti. Kituo cha bure huishi kwa matangazo, na promo yake hutafuta macho mengi zaidi. Kampuni ya kulipia huishi hasa kwa ada ya mwezi, na promo yake hutafuta mambo mawili: mteja asikate, na mteja apande kifurushi. MultiChoice, yenye DStv na GOtv, ina nguvu ya ajabu hapa, kwa sababu si mwenye kituo tu, bali mwenye mlango wanamopitia vituo vya wengine. Chaneli ya kigeni inapoletwa Afrika, matangazo ya kwao hayana kazi huku. Duka la Chicago halina mteja Msambweni. Nafasi hizo huachwa wazi kwa ajili ya soko la huku, na zisipopata wanunuzi wa kutosha, kampuni huzijaza kwa promo zake. Ndiyo siri ya lile linalomkera kila mwenye dishi: filamu ya usiku ya chaneli ya Marekani inakatizwa mara nne, na mara zote nne inatangazwa mechi ile ile ya SuperSport au tamthilia ile ile ya Maisha Magic.

Zipo promo za kumwonyesha mtazamaji asichokuwa nacho. Mteja wa kifurushi cha chini huona kionjo cha fainali, anabonyeza namba ya chaneli kwenye rimoti, na skrini inamjibu kwamba chaneli hiyo haimo katika kifurushi chake. Kuna waonao hilo kuwa udanganyifu. Kwa kweli ni jambo lililokusudiwa: promo hiyo haikuwa ya kumwarifu, ilikuwa ya kumtia hamu. Mbinu dada ni kuifungua chaneli ya gharama kwa siku chache bila malipo, kisha kuifunga mara mtu anapoanza kuizoea. Na Februari 2024, MultiChoice ilipoizindua upya Showmax, huduma yake ya kutazama kwa intaneti, wenye madishi nao walitangaziwa, ingawa huduma hiyo ilikuwa inawavuta waliache dishi lenyewe.

Si haki kutaja ubaya tu. Kupitia chaneli ya Maisha Magic East, tamthilia za Kenya kama Selina zilipata kujulikana kwa sababu zilinadiwa bila kuchoka katika chaneli nyingine za nyumba hiyo hiyo, zikiwemo za mpira na za sinema ambazo watazamaji wake wasingezitafuta wenyewe. Mtayarishaji mdogo hana uwezo wa kununua hata wiki moja ya nafasi kama hizo. Akipata mkataba na mwenye mlango, promo huja na mkataba; akiukosa, kazi yake inaweza kuwa nzuri na isionekane na yeyote nje ya mtaa wake. Hilo ndilo linalovikuta vituo vidogo vya Mombasa na Pwani kwa jumla, ambavyo havina ndugu wa kuvitaja.

StarTimes, ya Kichina, iliingia sokoni Kenya mwaka 2012 na ilifika vijijini kwa njia nyingine. Mwaka 2015, katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg, China iliahidi kupeleka runinga ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya bara hili, na StarTimes ikapewa kazi hiyo. Kenya ilipangiwa vijiji 800 hivi. Shule, zahanati na baadhi ya nyumba zilifungiwa vifaa, na chaneli kadhaa zikaachwa wazi bila malipo. Zilizobaki hulipiwa, na chaneli za nyumba kama ST Swahili huwa na kazi ya kila siku ya kuzinadi. Msaada na duka viliingia kwa dishi moja.

Azam ni kisa cha pekee. Azam TV ilianza Desemba 2013, na mwenye nayo ni Bakhresa Group ya Dar es Salaam, kampuni ya unga, juisi, aiskrimu na boti za Zanzibar, yenye pia timu ya mpira, Azam FC. Mwaka 2021 ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Anayetazama ligi hiyo anaweza kukuta timu ya Azam uwanjani, kamera za Azam pembeni, na wakati wa mapumziko bidhaa za Azam zikitangazwa. Mgeni hushangaa. Mtu wa Tanga au Vanga ameshazoea.

Tanzania nayo ilikuwa na mvutano wake kuhusu nani abebe chaneli za nani. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, TCRA, ilizizuia kampuni za setilaiti za kulipia, zikiwemo DStv, Azam na Zuku, zisionyeshe vituo vya bure vya ndani, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuziruhusu. ITV, Star TV na Channel Ten zikatoweka kwenye madishi hayo. Pamoja na watazamaji, vituo hivyo vilipoteza pia hadhira ya promo zao, na mapumziko ya waliobaki hewani yakawa ya wenye madishi peke yao.

Nchi nyingine zimeandika sheria za jambo hili waziwazi. Uingereza, msimamizi Ofcom ana kanuni maalumu ya promo za kutangaziana, iliyotungwa ili kituo kikubwa kisitumie nafasi yake kuipendelea kampuni moja ya usambazaji na kuwaumiza washindani. BBC, isiyouza matangazo katika vituo vyake vya nyumbani, huziba nafasi kati ya vipindi kwa promo zake tu. Marekani, chaneli nyingi za kebo humwachia msambazaji takriban dakika mbili kila saa auze matangazo ya eneo lake, na zisipouzika hujitangaza. Kanada ndiyo iliyolipima jambo hili kwa mizani: katika zile dakika zinazoachwa wazi na chaneli za Marekani, robo tatu lazima zitolewe kwa vituo vya Kanada vijitangaze, na msambazaji abaki na robo kwa ajili ya mambo yake. Mtayarishaji mdogo wa huko ana mlango wa kubisha.

Kenya haijafika hapo. Kilichopo ni utenganisho wa usambazaji na utengenezaji wa vipindi, ambao unahusu zaidi minara ya ardhini kuliko dishi, na kanuni ya vipindi ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni hiyo inataka saa kati ya 11 alfajiri na 4 usiku ziwe salama kwa watoto, na promo haina msamaha: kionjo cha filamu ya saa tano usiku hakiruhusiwi kuonyesha saa mbili kile ambacho filamu yenyewe imefichiwa. Hapo ndipo vituo huteleza mara kwa mara, kwa kuwa kipindi kizima hukaguliwa na kionjo chake hukatwa kwa haraka. Kanuni hiyo pia inadai kiasi kikubwa cha vipindi vya nyumbani. Lakini kutengeneza kipindi cha nyumbani na kukinadi ni mambo mawili, na kanuni inayodai la kwanza bila la pili imefanya kazi nusu. Mgawo kama wa Kanada, hata wa dakika chache kwa siku kwa kazi za watayarishaji wa kaunti, ungewafaa Kwale na Lamu kuliko hotuba nyingi kuhusu maudhui ya mashinani.

Kwa sasa, promo zina kazi moja ambayo hakuna anayeidharau. Kwenye mabanda ya mpira ya vijijini, ambako kiingilio ni shilingi chache na viti ni mabenchi ya mbao, ratiba ya wiki huandikwa kwa chaki ubaoni nje. Magazeti ya michezo hayafiki kila siku kwenye barabara za vumbi. Mwenye banda huipata ratiba hiyo kwenye promo za mapumziko, anazoziangalia kwa makini kuliko mechi, maana kukosea saa moja ni kukosa kiingilio cha usiku mzima. Vituo vya Tanzania, Kenya na vya kigeni husema saa kwa namna tofauti, mara ya Kiswahili, mara ya Kizungu, mara ya Afrika Kusini iliyo nyuma kwa saa moja, na makosa ubaoni huzua kelele.

Mtazamaji wa kawaida naye ana la kufanya. Kabla ya kuongeza pesa kwa ajili ya mechi au tamthilia iliyonadiwa, afungue orodha ya chaneli kwenye king'amuzi na ahakikishe namba yake imo katika kifurushi anachotaka kulipia, na kwamba kipindi chenyewe hakionyeshwi siku hiyo hiyo na kituo cha bure. Promo isiyofaa watoto ikirushwa kabla ya saa nne usiku, aandike jina la kituo, tarehe na saa, aanze kulalamika kwa kituo chenyewe. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo inakitaka kila kituo kiwe na utaratibu wa kuyapokea.